Harufu ya moshi haimwamshi aliyelala

Katika nyumba nyingi za Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Raskazone, bado inaaminika kwamba moto ukizuka usiku, harufu ya moshi itawaamsha waliolala. Sivyo. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kwamba harufu haimwamshi kwa uhakika mtu aliye katika usingizi mzito, ilhali sauti humwamsha. Tena monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu iliyomo ndani ya moshi, ambayo haina harufu kabisa, humzidishia usingizi.

Ndiyo maana kifaa cha kutambua moshi hupiga king'ora. Aina inayotumia mwanga ina chumba kidogo cheusi ambamo mwale hupita bila kuigusa seli inayohisi mwanga. Chembe za moshi zikiingia huutawanya mwale huo, sehemu yake ikaiangukia seli na king'ora kikalia. Huwahi hasa moto unaofuka bila ndimi, kama wa godoro lililoangukiwa na sigara.

Kifungwe darini, kwa kuwa moshi wa moto hupanda, katika kila chumba cha kulala na kwenye ukumbi unaoviunganisha. Kisikaribiane na pangaboi wala mlango wa bafu, kwani mvuke nao hutawanya mwanga, na kiwe angalau mita 3 kutoka kwenye jiko, maana kifaa kinacholia kila samaki wanapokaangwa huishia kutolewa betri, jambo linalonisikitisha kuliko yote. Kijaribiwe kila mwezi, kibadilishwe baada ya miaka 10. Jiko la mkaa lisiachwe chumbani kwa kukitegemea, kwa sababu monoksidi ya kaboni inayotoka kwenye mkaa, ikiwa peke yake bila moshi, hakiitambui.