Sergio Ramos: yanayosemwa na yaliyotokea kweli

Zikianza tu stori za mabeki bora wa kizazi hiki na Sergio Ramos, yule beki wa Hispania na Real Madrid, akatajwa, mabishano yanahamia moja kwa moja kwenye kadi nyekundu na bega la Mohamed Salah, mshambuliaji wa Misri na Liverpool, na humo katikati yanasemwa mambo kibao ambayo hayajawahi kutokea. Naona huyu jamaa anaonewa, mtu kacheza miaka 20 halafu anahukumiwa kwa klipu mbili tatu.

Eti ni mtoto wa Madrid, kakulia pale. Sio kweli. Kazaliwa Camas, pembeni ya jiji la Sevilla, Machi 1986, na mpira kajifunzia akademi ya Sevilla mpaka akapandishwa timu kubwa 2004. Madrid walimnunua dakika za mwisho za dirisha la usajili Agosti 2005 kwa kama euro milioni 27, hela nyingi mno kwa beki wa miaka 19 enzi zile, wakampa jezi namba 4 iliyokuwa ya Fernando Hierro. Na Sevilla haikumtoka moyoni, ile namba 15 aliyokuwa anavaa Hispania ni ya kumuenzi Antonio Puerta, rafiki yake wa tangu akademi, aliyeanguka uwanjani akiichezea Sevilla Agosti 2007 na kufariki siku chache baadaye.

Eti siku zote alikuwa beki wa kati. Hapana, Kombe la Dunia 2010 kacheza namba mbili, kulia, katikati walikuwa Puyol na Piqué. Euro 2008 pia kacheza kulia. Euro 2012 ndio akachukua kombe akiwa beki wa kati.

Sasa hii ndo huwa inaniuma zaidi, eti magoli yake yote ni penati. Madrid kafunga magoli 101 kwenye mechi 671, na kweli penati zimo, hasa baada ya Ronaldo kuondoka 2018 maana yeye ndo akawa mpigaji. Lakini nusu fainali ya UEFA 2014 kule Munich alifunga mawili ya kichwa ndani ya dakika tano tu, Bayern wakalala 4-0 kwao. Desemba 2016 Camp Nou, kwa Barcelona, dakika ya 90, kichwa tena, 1-1. Na hata hizo penati zenyewe zina historia yake, Aprili 2012 alipiga dhidi ya Bayern mpira ukapaa juu kabisa ya mtambaa panya, Madrid wakatolewa, watu wakamcheka dunia nzima, halafu miezi miwili tu baadaye nusu fainali ya Euro Hispania na Ureno zikafika penati, akaenda akaidokoa taratibu katikati ya goli huku kipa kashajirusha. Ule moyo sio wa kila mtu.

Halafu kuna Lisbon 2014, fainali ya UEFA kati ya Madrid na Atlético. Wengi wanasema goli la Ramos ndilo lililoipa Madrid kombe la 10. Lilikuwa la kusawazisha! Atlético walikuwa wanaongoza tangu dakika ya 36 kwa goli la Godín, muda ushaisha, zinachezwa dakika za nyongeza, Modrić akapiga kona toka kulia na Ramos akaingia katikati ya watu akapiga kichwa cha chini kwenye kona ya mbali, kipa Courtois karuka hajafika. Saa ilisoma 92:48, yaani dakika ya 93. Mechi ikaenda muda wa ziada na huko ndo Bale, Marcelo na Ronaldo wakaimaliza 4-1. Ila bila kile kichwa hakuna muda wa ziada, na Madrid walikuwa na miaka 12 hawajalishika lile kombe. Alipohamia Monterrey ya Mexico 2025 akachagua jezi namba 93, sababu ni hiyo.

Kadi sasa. Nyekundu 26 akiwa Madrid, hilo halina ubishi na sitamtetea, nyingine zilikuwa za hasira tu. Gawa lakini kwa mechi 671, ni kama moja kila mechi 26. Hispania kacheza mechi 180, hakuna mwingine aliyeifikia hiyo namba, na hajawahi kutolewa kwa kadi nyekundu hata mara moja.

Na Salah? Kiev 2018, fainali ya UEFA ya Madrid na Liverpool, walianguka mikono imeshikana, Salah akaumia bega, refa hakutoa hata ya njano. Mimi tukio lile silipendi kabisa na nawaelewa Wamisri kwa hasira zao. Ila ile habari kwamba Salah alikosa Kombe la Dunia kwa sababu ya Ramos sio ya kweli, alikosa mechi ya kwanza tu na Uruguay, akacheza na Urusi akafunga, akacheza na Saudia akafunga.

Ya mwisho, eti 2021 alikimbilia hela za PSG. Mwenyewe alieleza siku anaaga kwamba Madrid walimpa mwaka mmoja na mshahara uliopunguzwa, yeye akataka miwili, alipokuja kukubali ule mmoja akaambiwa ofa ilishakwisha muda. Na 2023 alipomaliza PSG akarudi Sevilla, ambako mashabiki walikuwa wanamzomea miaka yote toka alivyoondoka, na Januari 2017 aliwafunga penati ya kudokoa palepale kwao halafu akawageukia wale waliokuwa wanamtukana akawaonesha jina mgongoni. Aliporudi akawaomba msamaha hadharani, akavaa namba 4, akacheza nao msimu mzima wa 2023-24.