Kumuona daktari kwa video maana yake nini, na unajiandaaje ukiwa nyumbani

Tiba mtandao, wengine wanaita telemedisini, ni wewe uko kwako na daktari yuko kwake mnaonana kwenye simu au kompyuta, anakuuliza, anakuandikia dawa au anakwambia hapana, hii mpaka uje nikupime. Wengi wanaichukulia kama kupiga stori tu kwa video, ndo maana wanaishia kujibu "sijui, sikumbuki" dakika zote walizopewa.

Kinachokosekana pale ni mkono wa daktari. Hawezi kukubonyeza tumbo wala kukusikiliza kifua, so yale ambayo angeyapata mwenyewe inabidi umletee wewe.

Anza na dawa. Ukimwambia natumia kile kidonge cheupe kidogo cha presha hujamsaidia kitu, vyeupe viko vingi mno. Weka maboksi yote mezani, sogeza moja moja kwenye kamera asome jina na miligramu, na mitishamba usifiche maana mingine inagombana na dawa za hospitali.

Kama una mashine ya presha, kahawa na sigara ziwe zimepita nusu saa, kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini usikunje nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Pima mara 2 ukiacha dakika 1 katikati na uandike zote, sio unachagua ile iliyokufurahisha (tunafanya sana hii).

Upele je? Piga picha mapema, mchana karibu na dirisha, moja ya karibu na moja ya mbali ionyeshe ni sehemu gani ya mwili, bila filta, umtumie kabla, kwa sababu video ikianza kukwamakwama rangi ya ngozi haieleweki tena.

Mwanga uwe mbele yako, ukilipa dirisha mgongo anaona kivuli. Simu iwe na chaji, mpeane namba ya kawaida mtandao ukikata, na tafuta chumba chenye mlango, nani ataelezea habari za choo watu wanapitapita?

Ila kifua kubana, kushindwa kupumua, mdomo kwenda upande au mkono mmoja kulegea ghafla, hayo sio ya video, kimbia hospitali saa hiyohiyo.

Na kabla hajakata muulize dalili gani ikitokea nisisubiri, uandike palepale.