Mgeni ashindwe kwa karata tu: haki katika kikao cha briji chenye wachezaji wa viwango tofauti

Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, katika ukumbi mdogo tunaoukodi Uhindini hapa Mbeya, hukusanyika jozi nane, tisa au kumi za wachezaji wa briji ambao viwango vyao vimeachana sana. Wapo wazee waliocheza mchezo huu kwa zaidi ya miaka thelathini, na wapo vijana waliojifunza kunadi mwezi uliopita. Mimi ndiye mwamuzi wa vikao hivyo, na jambo linalonishughulisha kuliko yote ni namna ya kuwaketisha watu hawa pamoja bila yeyote kuonewa. Msimamo wangu ni kwamba hodari hana kosa la kuwa hodari, wala hapaswi kufungwa mikono ili mgeni apate nafuu. Kinachotakiwa ni mgeni ashindwe kwa karata tu, asishindwe kwa kutojua haki zake, kwa kuharakishwa, kwa kutishwa, wala kwa kuketishwa mahali ambapo mpangilio wenyewe umekwisha kumwangusha.

Kwa msomaji aliyezoea arubastini na hajawahi kukaa kwenye meza ya briji, nieleze kwa ufupi. Wachezaji ni wanne, wawili kwa wawili, na mwenzako hukaa mkabala nawe. Viti vinne vya meza huitwa Kaskazini, Kusini, Mashariki na Magharibi: Kaskazini ni mwenza wa Kusini, na Mashariki ni mwenza wa Magharibi. Karata zote 52 hugawanywa, kumi na tatu kwa kila mmoja. Kabla ya kucheza hufanyika mnada, ambamo kila upande hunadi ahadi ya mara ngapi utakula na turufu itakuwa ipi, na upande uliopanda juu zaidi hulazimika kuitimiza ahadi hiyo. Namba inayonadiwa huhesabiwa juu ya sita, kwa hiyo kopa nne ni ahadi ya kula mara kumi kopa ikiwa turufu. Jambo la kushika hapa ni kwamba unaruhusiwa kumweleza mwenzako habari za karata zako kwa njia mbili tu: kwa tamko ulilonadi na kwa karata uliyocheza. Sauti, uso, mguno na muda uliotumia kufikiri havimo katika njia hizo.

Bahati ya mgawo, ambayo wageni huiogopa kuliko kitu kingine, ndiyo iliyo rahisi kuiondoa. Mikono minne ya kila mgawo huhifadhiwa katika kibao chenye mifuko minne, sisi tunakiita bodi, nacho husafiri kutoka meza hadi meza pasipo karata kuchanganywa tena. Jozi zote zilizokaa upande mmoja hupata karata zile zile, kisha hulinganishwa: unapata alama mbili kwa kila jozi uliyoishinda kwenye bodi hiyo na alama moja kwa kila jozi mliyolingana. Tukiwa na meza tano, bodi moja huchezwa mara tano, na alama za juu kabisa ni 8. Ukigawiwa karata mbovu hujapoteza lolote, kwa sababu waliokaa kiti chako kwenye meza nyingine walipata ubovu huo huo.

Ugumu unaanza kwenye kuketi. Mpangilio tunaoutumia tukiwa jozi kumi ni ule unaoitwa Mitchell, ambamo jozi za Kaskazini na Kusini hukaa papo hapo, jozi za Mashariki na Magharibi hupanda meza moja kila mzunguko, na bodi hushuka meza moja. Mizunguko mitano ya bodi nne hutoa bodi 20. Kwa kuwa wazee hawapendi kuhamahama, kwa miaka kadhaa waliachiwa viti vya Kaskazini na Kusini, na wageni wote wakawa upande wa pili. Ilionekana kama heshima tu kwa umri, lakini tazama matokeo yake: jozi hulinganishwa na zile zilizokaa upande wake, kwa hiyo hodari walinyang'anyana alama wenyewe kwa wenyewe, huku mgeni mmoja akiibuka mshindi wa upande wake pasipo kulinganishwa hata mara moja na jozi yenye nguvu. Ushindi wa namna hiyo haumfundishi kitu, na wenzake wanaujua. Siku hizi nagawa jozi zenye nguvu pande zote mbili kabla ya watu kuketi, na mzee mwenye tatizo la magoti hupewa kiti cha kudumu kwa sababu ya magoti yake, si kwa sababu ya ustadi wake. Tukitaka mshindi mmoja, katika mzunguko wa mwisho tunazigeuza bodi ili waliokuwa wakicheza karata za Kaskazini na Kusini wacheze za Mashariki na Magharibi. Tukiwa jozi nane naacha Mitchell na kutumia mpangilio wa Howell, mizunguko saba ya bodi tatu, ambamo kila jozi hukutana na kila jozi nyingine.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Jioni moja ya mwezi Julai, baridi ikiwa imewafanya watu wavae makoti mezani, mwalimu mmoja kutoka Tukuyu alikuwa akicheza na mpwa wake, msichana aliyekuwa katika kikao chake cha tatu. Walikuwa Mashariki na Magharibi, na wapinzani wao walikuwa jozi mojawapo ya zile zenye nguvu kabisa. Kwenye bodi ya 14 mpwa, aliyekaa Mashariki, alipita, yaani hakunadi kitu. Kusini akanadi kopa moja, mwalimu akanadi shupaza moja, Kaskazini kopa mbili, mpwa shupaza mbili, Kusini kopa tatu, mwalimu shupaza tatu. Hapo Kaskazini akafikiri. Alizipanga upya karata zake, akagusa kisanduku cha kadi za kunadia, akautoa mkono, na baada ya karibu dakika nzima akaweka kadi ya kupita. Mpwa naye akapita. Kusini, ambaye alikwisha kueleza mkono wake wote alipopanda hadi kopa tatu, akaweka kopa nne bila kusita. Wakala mara kumi kama walivyoahidi, na wakaandika pointi 420.

Wageni wale hawakusema neno. Ni wakati wa chai ndipo yule msichana alipokuja nilipokuwa nikipanga karatasi za matokeo, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Samahani mzee, hivi mtu akifikiri sana halafu akapita, mwenzake anaruhusiwa kuendelea kunadi?"

Swali hilo limo katika kanuni ya 16 ya Kanuni za Briji, toleo la mwaka 2017. Kufikiri si kosa, na Kaskazini alikuwa na haki ya kufikiri. Lakini muda aliouchukua ulimwambia Kusini kitu ambacho kadi ya kupita haikukisema, yaani kwamba karata za mwenzake hazikuwa dhaifu kama zinavyoonekana. Mchezaji aliyepata habari ya namna hiyo kutoka kwa mwenzake haruhusiwi kuchagua tamko linalopendekezwa na habari hiyo ikiwa kulikuwa na tamko jingine ambalo wachezaji wa kiwango chake wangelifikiria kwa uzito. Kwa mkono ule kupita kulikuwa tamko la kawaida kabisa. Nilizikagua karata, nikamwonyesha mkono wa Kusini mchezaji mwingine wa kiwango chake bila kumweleza kilichotokea, naye akapita. Nikabadilisha matokeo yakawa shupaza tatu za Magharibi zilizotimizwa, yaani pointi 140 kwa wageni, na alama zao kwenye bodi hiyo zikapanda kutoka 0 hadi 6.

Naomba nieleweke kwamba jozi ile hodari haikuiba. Nawafahamu, na naamini Kusini alinadi kwa mazoea. Lakini mazoea hayo yangepita kimya mbele ya wageni kila wiki, ilhali kwenye meza ya wakongwe mtu angeinua mkono papo hapo na kumwita mwamuzi. Kanuni ni moja, ila inamlinda anayeijua tu, na hilo ndilo pengo la ustadi ambalo bodi na mipangilio haviwezi kuliziba. Tangu siku hiyo kila jozi mpya hukaa nami robo saa kabla ya kikao chake cha kwanza, na hatuzungumzii kunadi hata kidogo. Nawafundisha namna ya kumwita mwamuzi: inua mkono, sema "mwamuzi" kwa sauti ya kawaida, usiombe radhi. Nawaeleza kwamba kuita si kumtuhumu mtu, na kwamba wazee nao huitana. Nawaeleza pia habari ya hodari anayefunua karata zake katikati ya mchezo na kusema zote zilizobaki ni zake. Mgeni hukubali kwa sababu hana uhakika na anaona haya, kumbe ana haki ya kumwomba aeleze atazichezaje, na wasipokubaliana mwamuzi huitwa na utata wowote huamuliwa dhidi ya aliyedai.

Visanduku vya kunadia vyenyewe vimesaidia sana. Vilibuniwa Uswidi, na kwa kuwa mtu huweka kadi badala ya kutamka, ile "kopa nne" iliyotamkwa kwa furaha na ile iliyotamkwa kwa mashaka sasa zinafanana.

Kuhusu matamko ya mafumbo, yale ambayo hayana maana inayoonekana, msimamo wangu ni mkali kuliko wa baadhi ya wenzangu. Jozi iliyocheza pamoja miaka mingi ina makubaliano mengi, na kanuni zinataka wapinzani wayajue yote. Maelezo hutolewa na mwenza wa aliyenadi, si na aliyenadi mwenyewe. Hata Shirikisho la Dunia la Briji huigawa mifumo ya kunadi kwa rangi, kijani kwa ile ya kawaida hadi njano kwa ile isiyo ya kawaida kabisa, na mwandalizi wa mashindano huamua ipi inaruhusiwa. Kwenye vikao vyetu vya Alhamisi tunaruhusu ya kawaida tu, na kila jozi huweka mezani karatasi yenye makubaliano yake, iliyoandikwa kwa Kiswahili ambacho mgeni anaweza kukisoma. Mzee mmoja aliniambia kwamba nimemnyima nusu ya mchezo wake. Nilimjibu kwa heshima kwamba mashindano ya mwisho wa mwaka yako wazi kwa mfumo wake wote.

Kufundisha mezani nimekukataza kabisa. Hodari anayemwambia mgeni "ungecheza uru kwanza" anaamini anamsaidia, lakini mgeni anasikia kwamba amekosea mbele ya watu, mwenzake anasikia kwamba ameangushwa, na meza ya jirani ambayo haijaicheza bodi hiyo imesikia mahali uru ulipo. Kanuni ya 74 inakataza neno lolote linaloweza kumwaibisha mchezaji mwingine. Badala yake, kikao kikiisha tunabaki dakika ishirini na kuzitandaza bodi mbili mezani, na hapo anayetaka kuuliza huuliza.

Muda ni eneo jingine la uonevu usioonekana. Tunahesabu dakika saba na nusu kwa bodi, nusu saa kwa mzunguko, ili tumalize kabla ya saa mbili na wanaorudi Uyole na Mbalizi wapate daladala. Meza ikichelewa macho yote humwelekea mgeni, naye huanza kutupa karata ovyo. Ukisimama na saa mkononi, mara nyingi utamkuta anayefikiri ni hodari anayetafuta mara moja zaidi ya kula. Nikilazimika kuifuta bodi kwa kuchelewa, aliyechelewesha hupata asilimia 40 na asiye na kosa hupata 60. Naandika jina la jozi iliyochelewesha kweli, na siandiki hamsini kwa hamsini ili niepuke lawama.

Swali la kuwapa wageni nyongeza ya alama huulizwa kila mara, na jibu langu ni kwamba ibandikwe kama orodha ya pili, kamwe isichukue nafasi ya ile ya kwanza. Tunachukua wastani wa jozi kwa vikao kumi vilivyopita, tunatazama umbali wake kutoka asilimia 50, kisha robo tatu ya umbali huo ndiyo tunayoiongeza au kuipunguza. Jozi yenye wastani wa 42 iko pungufu kwa 8, basi inaongezewa 6. Ikipata 47 usiku huo, orodha ya pili inaisoma 53. Jozi yenye wastani wa 58 inapunguziwa 6 vilevile. Hatutumii umbali wote kwa sababu matokeo ya wageni huyumba sana, leo 35 na kesho 52, na ukiwapa nyongeza kamili, kila wiki mmoja wao atakayekuwa juu ya wastani wake atachukua nafasi ya kwanza, na orodha itageuka bahati nasibu. Chama cha briji cha Uingereza hupima kwa undani zaidi, kwa kuzingatia nguvu za mwenza na za wapinzani, lakini kwa klabu ya meza tano hesabu yetu ya karatasi inatosha.

Jozi zikiwa tisa, moja hukaa nje kila mzunguko. Jozi mpya haikai nje kwenye mzunguko wa kwanza, kwa kuwa mtu aliyetoka Tukuyu kwa baridi ile hawezi kupokewa kwa nusu saa ya kutazama ukuta.

Limebaki jambo moja, nalo linawahusu zaidi wenzetu wa Iringa na Njombe wanaotaka kuanzisha klabu zenye meza tatu au nne: mwamuzi ambaye mwenyewe anacheza. Watu wakiwa wachache halikwepeki, nami nimelifanya. Ikiwa shauri linaihusu meza yangu, siamui. Naandika karata za mikono yote minne, mnada mzima na yale ambayo kila upande unasema yametokea, bila majina, kisha nampigia simu mwamuzi asiyekuwepo ukumbini. Anachoniambia ndicho ninachokiandika kwenye karatasi ya matokeo, hata kinaponiondoa nafasi ya kwanza.