Kijiko cha kwanza: maswali ya kina mama wa Mombasa kuhusu kumwanzishia mtoto chakula

Kwenye kliniki ya watoto ninapohudumu, upande wa Likoni, kina mama hukaa kwenye benchi chini ya mkilifi wakingoja watoto wapimwe uzito. Maswali mengi hayafiki ndani kwa muuguzi. Huishia pale benchini, mama kwa mama, na wakati mwingine jibu linalotoka ni la kumdhuru mtoto bila mtu yeyote kukusudia. Haya hapa ni yale yanayorudi kila wiki kuhusu chakula cha kwanza, na majibu yake kwa kirefu kuliko nafasi tunayopata siku ya kliniki.

Mwanangu ana miezi minne, usiku halali. Mavyaa yangu asema maziwa hayamtoshi, nimtilie uji mwepesi. Nimpe?

Usimpe bado, dada. Miezi 6 ya kwanza mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake, na hata maji hayahitaji, hata katika joto la kaskazi ambapo sisi wakubwa tunatota jasho. Sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji. Akiwa na kiu, mpe ziwa.

Kilio cha usiku si lazima kiwe njaa. Tazama mambo mawili: anakojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na uzito wake unapanda kwenye kile kitabu cha kliniki. Yote mawili yakiwa sawa, maziwa yanamtosha. Uji wa mapema humjaza, akanyonya kidogo. Akinyonya kidogo, maziwa nayo hupungua. Hapo maneno kwamba “maziwa hayatoshi” yatakuwa kweli, lakini ni uji ulioyafanya yawe kweli.

Na mavyaa usigombane naye. Amelea, tena amelea kwa mapenzi, kwa alivyofunzwa wakati wake. Mwambie, “Mama, siku ya kliniki twende sote.” Nimeona mabibi wakitoka pale kwenye mizani wakiwa ndio walinzi wakali kuliko mama mwenyewe.

Nitajuaje kama yuko tayari?

Ametimiza miezi 6, shingo imekaza, anakaa ukimwegemeza kidogo, anafuata mkono wako unapokwenda kinywani, na ukimtia kitu mdomoni ulimi wake haukisukumi nje. Meno si sharti. Ufizi wa mtoto unaponda kuliko unavyodhani.

Lakini usichelewe pia. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma kutoka tumboni mwa mama, na akiba hiyo hupungua sana anapokaribia miezi 6. Maziwa ya mama yana chuma kidogo. Ziwa linaendelea, tena mpaka miaka 2 na zaidi mama akipenda, ila sasa linahitaji mwenzake.

Nianze na nini? Nasikia uji ndio salama.

Uji haumdhuru. Kinachonisumbua ni uji tunaoupika.

Fanya hivi leo jikoni. Chota kijiko cha uji uliomwandalia mtoto, kiinamishe taratibu juu ya bakuli. Ukimwagika kama chai, hayo ni maji yenye rangi ya wimbi. Ukibaki kijikoni, ukaanguka bonge pale tu unapokigeuza, hicho ni chakula. Tumbo la mtoto hubeba takriban gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo 7 anajaa kwa gramu 210, chini ya kikombe cha chai. Ukilijaza tumbo hilo maji, atashiba na ataonekana ametulia, huku hajapata kitu. Hawa ndio watoto ambao mama anatuambia “anakula vizuri sana, anamaliza kikombe”, na mstari wa uzito kitabuni umelala.

Kwa siku ya kwanza mimi hupenda boga, au kiazi kitamu kile cha rangi ya chungwa ndani. Chemsha kipande mpaka kilainike, kiponde kwa uma mpaka mabonge yaishe, kisha kilegeze kwa maziwa yako uliyoyakamua au kwa tui zito kijiko kimoja au viwili. Sisi wa Pwani tumejaliwa nazi, tuitumie. Tui au kijiko kidogo cha mafuta kinaongeza nguvu ya chakula bila kuongeza ukubwa wake, na ndicho tumbo dogo linachotaka.

Usikae kwenye boga wiki tatu. Ndani ya wiki ya kwanza au ya pili leta pojo: ziloweke usiku, zichemshe mpaka zipasuke, ziponde, uzipitishe kwenye chujio maganda yabaki. Ukizichanganya na ubwabwa wa mchele umepata mlo kamili. Mbaazi na kunde vivyo hivyo. Maini ya kuku yaliyopondwa, kijiko kimoja tu, yana chuma kingi. Malizia na kipande cha embe au papai au maji kidogo ya chungwa ndani ya chakula, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kukipokea chuma cha kwenye maharage na mboga.

Na ule unga wa uji wa mchanganyiko, mahindi na njugu na soya na dagaa vyote kwenye mfuko mmoja? Siuamini sana. Mtoto akipata vipele hujui ni kipi kimemdhuru, na njugu au mahindi yaliyoingiwa na unyevu huota ukungu wenye sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Nunua nafaka nzima, ichambue kwa macho yako, itupe iliyooza au iliyobadilika rangi, usage moja moja.

Samaki ana miba. Si nimngoje akue?

Usimngoje. Tunakaa pwani, samaki mbichi wanashuka kila asubuhi, halafu watoto wetu wanakosa damu! Akishaanza kula, samaki naye aingie.

Chukua changu au tafi mbichi, mchemshe kwa maji kidogo bila chumvi. Akipoa, bandua mnofu wa mgongoni, wenye miba michache kuliko wa tumboni. Uweke kwenye sahani nyeupe, uusugue kidogo kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada. Macho yatakosa mwiba, kidole hakitakosa. Rudia mara ya pili kabla ya kuuponda ndani ya ubwabwa. Dagaa wakavu nao wanafaa: waoshe sana mchanga utoke, watoe vichwa, wakaange bila mafuta, uwatwange kwenye kinu wawe unga, utie kijiko kidogo kwenye chakula.

Papa na nduaro waachieni watu wazima. Samaki wakubwa wa aina hiyo hukusanya zebaki mwilini. Ng'onda, yule samaki aliyekaushwa kwa chumvi, pia si wa mtoto, chumvi yake ni nyingi.

Kiasi gani, mara ngapi?

Vijiko viwili au vitatu vya chakula, mara 2 kwa siku, baada ya kunyonya. Ongeza polepole ufike nusu kikombe, mara 2 au 3. Akifika miezi 9, mara 3 au 4, chakula kikiwa na chembe chembe asizoee laini tu. Akitimiza mwaka, sahani ya nyumbani, ila yake mwenyewe, msimchanganye na kaka zake kwenye sinia moja. Hapo hamjui amekula ngapi.

Mayai na njugu si huleta mzio?

Zamani tuliambiwa tungoje mwaka. Ushauri huo umebadilika. Utafiti uliofanywa London na kutolewa 2015 ulionyesha kwamba watoto walio hatarini walioanza kula njugu mapema walipata mzio wa njugu kwa uchache mno kuliko walionyimwa. Kwa hiyo yai lililoiva kabisa na njugu zilizosagwa laini huingia mapema, kimoja kimoja, kidogo, asubuhi, ili uwe na mchana wa kumtazama. Ukiona uvimbe wa midomo, vipele mwili mzima au kupumua kwa shida, mkimbize hospitali. Mwenye ukurutu mkali azungumze na daktari kwanza.

Asali je? Na chai kidogo?

Asali hapana, mpaka atimize mwaka 1. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo letu huzishinda, lakini tumboni mwa mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ya kupumua. Kuichemsha jikoni hakuziui. Tende anayopakwa mtoto kwenye kaakaa anapozaliwa ni sunna, ni kidogo mno, na si mlo. Mikono iwe safi. Ila asali isichukue nafasi yake.

Chai, na hasa lile hamri lililochovywa kwenye chai analopewa mtoto asubuhi ili anyamaze, naomba tuliache. Majani ya chai huzuia chuma kisiingie mwilini, na sukari humfunza ulimi kukataa boga. Chumvi na sukari havina kazi kwenye sahani ya mtoto wa chini ya mwaka.

Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi. Yafaa kupikia?

Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi chumvi. Kama mnanunua mitungi ya maji matamu kutoka kwa mkokoteni, tengeni kiasi cha mtoto kwanza, kabla ya kufua na kuosha, nayo yachemshwe mpaka yatokote vizuri. Osha mikono kwa sabuni, yako na yake. Chupa ya kunyonyea iacheni, chuchu yake haisafishiki. Kikombe cha wazi na kijiko vinatosha. Chakula kilichokaa saa mbili nje kwenye joto letu kisirudi kinywani mwake.

Naogopa atakabwa.

Kuna kupaliwa na kuna kukabwa. Anayekohoa kwa sauti na kulia anapumua, mwache akohoe. Aliyekabwa hatoi sauti, hawezi kulia. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, umshike taya. Mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kisipotoka mgeuze chali, umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5, na urudie huku wengine wakitafuta gari. Usichokore kinywani kitu usichokiona, utakisukuma ndani.

Kuzuia ni rahisi zaidi: alishwe akiwa amekaa, si amelala wala akitambaa. Njugu nzima, pipi, zabibu nzima, vipande vya ngisi na pweza, vyote bado.

Anatema kila ninachompa, na juzi aliharisha. Nimpumzishe?

Kutema si kukataa, anajifunza ulimi uende wapi. Chakula kimoja huenda ukamjaribu nacho mara 8 au 10 kabla hajakipenda. Usimbane pua wala kumshika kichwa. Mtazame usoni, zungumza naye, akigeuza uso umemaliza kwa leo.

Akiharisha usimkatie ziwa wala chakula. Mnyonyeshe zaidi, mpe ORS (ile dawa ya pakiti ya kuchanganya na maji) na vidonge vya zinki kama mlivyoelekezwa kliniki, chakula kidogo kidogo mara nyingi, na akipona mwongeze mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili arudishe uzito. Akitimiza miezi 6 mlete pia kwa matone ya vitamini A, kisha kila baada ya miezi 6 mpaka afike miaka 5. Lakini akikataa hata ziwa, akitapika kila kitu, macho yakidumbukia, au ukiona damu kwenye choo, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali usiku huo huo, hata kama ni kwa feri ya saa nane.