Rola kosta ya mbao iliyohamishwa: kinachohama hasa ni nini?

Rola kosta ni treni ya burudani inayopanda na kushuka vilima vya reli kwa kasi. Ya mbao huitwa "iliyohamishwa" ikiwa ilifunguliwa kipande kwa kipande, ikasafirishwa, kisha ikasimamishwa kwingine kwa umbo lilelile. Neno la kushika hapo ni umbo. Wengi hudhani kinachohama ni mbao zenyewe. Huhama baadhi tu.

Tuanze na reli. Ni mbao 7 au 8 zilizolazwa moja juu ya nyingine na kupigiliwa misumari, mbili za juu zikiwa pana zaidi ili zitokeze kwa ndani kama mdomo. Juu yake hukaa bamba jembamba la chuma. Behewa lina magurudumu ya aina tatu: la kubeba uzito juu ya bamba, la pembeni la kuliongoza kwenye kona, na la chini ya ule mdomo la kulizuia lisiruke kutoka relini. Mbao hizi hupigwa na magurudumu mchana kutwa, kwa hiyo mafundi hubadilisha sehemu za reli kila mwaka hata kama rola kosta haijasogea hatua moja. Na ni reli hiyo inayoipa jina la "ya mbao". Rola kosta ya Comet, iliyotoka bustani ya burudani ya Crystal Beach, Kanada, ikaanza tena kubeba watu jimbo la New York mwaka 1994, ina nguzo za chuma, lakini huhesabiwa ya mbao bila ubishi.

Mfano bora wa kuhamisha ni Phoenix ya bustani ya burudani ya Knoebels, Pennsylvania, Marekani. Ilijengwa mwaka 1947 kwa jina la Rocket katika bustani ya burudani ya Playland, San Antonio, Texas, kwa usanifu wa Herbert Schmeck wa Philadelphia Toboggan Company, kampuni ya kutengeneza rola kosta. Playland ilifungwa mwaka 1980, na mbao zikabaki zimesimama juani miaka kadhaa bila treni. Mwaka 1985 kazi ya kuihamisha ilisimamiwa na mjenzi wa rola kosta Charles Dinn, na tarehe 15 Juni mwaka huohuo ikaanza kubeba watu. Jina jipya ni la yule ndege wa hekaya anayeinuka kutoka kwenye majivu yake, na kwa kweli linaistahili.

Michoro ya ujenzi haikuwepo. Ikabidi kila ubao upewe namba na kuorodheshwa kabla ya kufunguliwa, kwa sababu fremu mbili zinazosimama jirani, kila moja kama kenchi ya paa iliyosimamishwa wima, hufanana machoni ilhali urefu wake unatofautiana kidogo tu. Zikibadilishana nafasi, kilima kinapata kinundu. Abiria atakihisi mgongoni, na gurudumu litakigonga kila mzunguko mpaka mbao zilegee.

Matatizo mengine yako kwenye mbao kuukuu. Tundu la boliti lililotanuka halishiki tena. Ubao mkavu ukipigiliwa msumari karibu na ncha hupasuka. Miguu ya nguzo, pale maji yanapotuama, huoza kwanza, kwa hiyo hukatwa au kubadilishwa. Msingi nao hauhamishiki: humwagwa zege jipya, na Pennsylvania lazima lishuke karibu mita 1, kwani udongo wa huko ukiganda wakati wa baridi huvimba na kuinua chochote kilichokaa juu juu. Nguzo moja ikiinuka, kipimo cha reli kinaharibika.

Kwa nini kujisumbua hivyo badala ya kujenga mpya? Kwa sababu ya vilima. Phoenix ina reli ya karibu mita 975, mteremko wa mita 22 na mwendo wa kilomita 72 kwa saa. Si namba za kutisha. Utamu wake ni vilima vidogo vya mwisho, ambapo abiria hunyanyuka kitini na kuzuiwa na upau mmoja tu wa mapajani. Mkunjo wa juu wa vilima hivyo ukikosewa, mnyanyuko unakufa.

Reli ikikamilika, treni hutumwa tupu, kisha ikiwa na magunia ya mchanga badala ya watu. Mwanzoni huenda polepole, kwa kuwa chuma hakijalainishwa na magurudumu, na asubuhi ya baridi girisi huwa nzito kiasi cha kuweza kuifanya treni ishindwe kumaliza kilima na kurudi nyuma bondeni. Hapo mafundi hupanda juu, huivuta kwa kamba na winchi, na kuanza tena jua likishapasha joto reli.