Mbwa Mdogo wa Nyumbani: Uchukue Mtoto au Aliyekomaa?

Tunapoelekea Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, katika ofisi yetu ya mifugo Mwanza malalamiko ni yale yale: mtu amenunua mbwa mdogo wa manyoya kando ya barabara, na kabla wiki haijaisha mnyama anatapika na kuhara damu. Wengi huja wakiuliza kama wameuziwa mbwa mbovu. Swali lililopaswa kutangulia ni la umri.

Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama kabla ya wiki 8. Chanjo ya mchanganyiko, inayokinga parvo (ugonjwa wa virusi unaoleta kutapika na kuhara damu) na distempa (ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu na mishipa ya fahamu), huanza kati ya wiki 6 na 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16. Katika kipindi hicho kinga aliyoipata kwa mama inaisha na yake mwenyewe haijakamilika, huku kirusi cha parvo kikiweza kukaa kwenye udongo miezi mingi. Aina ndogo kabisa, kama Chihuahua, zina jambo la ziada: mtoto akikaa saa nyingi bila kula, sukari inashuka na anaweza kuanguka na kufa. Alishwe mara 3 au 4 kwa siku. Nyumba ambayo baba anashinda soko la Kirumba, mama ofisini, watoto shuleni hadi jioni, nani atalisha? Kumwachia dada wa kazi bila kumwelekeza si jibu.

Kwa nyumba kama hiyo nashauri bila kusita: chukueni mbwa wa miaka 2 au 3. Aina ndogo nyingi huishi miaka 12 na zaidi, kwa hiyo huyo si mzee. Tabia yake mnaiona kabla ya kumchukua, na haja anaweza kuibana. Dhana kwamba mbwa aliyekomaa hafundishiki haina msingi, naomba iachwe. Anafundishika vizuri, mradi apewe wiki chache za kuwazoea. Mpelekeni kwanza kwa daktari wa mifugo akague meno, kwa kuwa mbwa wa aina ndogo huoza meno mapema, na magoti, ambayo hupenda kuteguka. Apimwe damu pia kwa magonjwa ya kupe. Na mapanki ya sangara, yaani mifupa inayobaki baada ya minofu kutolewa, msimpe: miba hukwama kooni.

Mtoto anafaa pale ambapo kuna mtu mzima nyumbani mchana kutwa na hakuna watoto wadogo wa kumbeba na kumwangusha.

Kuhusu kadi ya chanjo. Iwe na tarehe, jina la chanjo, namba ya toleo, jina na sahihi ya mtoa huduma. Chanjo ya kichaa kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi 3, kisha kila mwaka. Muuzaji akisema mbwa ana miezi 2 na kadi ina chanjo tatu za mchanganyiko, kimojawapo ni uongo. Fungua mdomo: meno ya utoto huanza kung'oka karibu na mwezi wa 4, na kufikia wa 7 ya ukubwani yamekamilika.

Anayemleta mbwa kutoka wilaya nyingine, iwe Ukerewe au Sengerema, aanzie kwa ofisa mifugo wa huko. Mnyama anakaguliwa, kadi inaonwa, kibali cha kusafirisha kinajazwa kikionesha anapotoka na anapokwenda. Akifika, kibali kioneshwe kwa ofisa wa kata. Kibali hakiombwi baada ya safari, na hili tunalirudia kila wiki.

Ukimchoka, usimtupe ufukweni. Kumtelekeza mnyama ni kosa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na mbwa waliotupwa bila chanjo ndio wanaotusumbua kwenye kampeni za chanjo.

Wapo wanaoamini mbwa mdogo hana kichaa. Anacho kama mwingine yeyote. Ukiumwa, hata na kitoto, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, kisha toa taarifa kwa ofisa mifugo. Usisubiri kuona kama mbwa atabadilika.