Udongo wa mfinyanzi kwenye matuta ya mito: kina peke yake hakitoshi

Katika nyanda za malisho zenye mvua haba, ardhi inayowavutia watu haraka ni ile tambarare iliyo juu kidogo ya mto, yenye udongo mweusi au wa kahawia iliyokolea, ambayo ukichimba mita moja na nusu bado hujagonga mwamba. Haina mawe wala mteremko wa kutisha. Halafu mvua chache za mwanzo zinanyesha, na vilima vya kichanga vilivyo jirani, ambavyo hakuna aliyevitamani, ndivyo vinavyotangulia kuchipua. Uwanda ule mweusi unabaki na madimbwi juu na ukavu chini.

Ili kuelewa hali hiyo, tuanze na namna ardhi hii ilivyoumbika. Matuta tunayoyazungumzia hapa hayakuchimbwa na wakulima kuzuia mmomonyoko. Ni sakafu za kale za mabonde. Zamani mto ulipofurika ulitandaza tope lake hapo, kisha ukaendelea kuchimba njia yake chini zaidi hadi sakafu ile ikaachwa juu, mahali ambapo mafuriko hayafiki au hufika kwa nadra. Maji yakitoka nje ya kingo hupungua kasi: mchanga hutua karibu na mkondo, na chembe laini kabisa husafiri hadi pale maji yanapotulia. Chembe za mfinyanzi zina kipenyo kisichofika milimita 0.002, kwa hiyo ndizo za mwisho kutua. Ndiyo sababu kwenye tuta moja unaweza kukuta kipande cha kichanga, na hatua chache pembeni yake mfinyanzi mtupu. Anayepima tuta zima kwa shimo moja anajidanganya.

Sasa maji. Udongo wa mfinyanzi ukishalowa hunyonya takriban milimita 1 hadi 5 tu kwa saa, ilhali udongo wa kichanga hunyonya zaidi ya milimita 30. Kwa upande wa kuhifadhi, mambo yanageuka: mita moja ya mfinyanzi inaweza kutunza milimita 175 hadi 250 za maji yanayotumika na mimea, na mita moja ya kichanga hutunza 25 hadi 100. Ni ghala kubwa lenye mlango mwembamba. Na mvua za nyanda kame zina tabia ya kushuka kwa kishindo, nyingi kwa muda mfupi, kisha kukatika. Ghala linabaki tupu huku maji yakikimbilia mtoni au yakisimama juani hadi yakauke.

Hata yale yanayoingia hayapatikani yote. Mfinyanzi huyashika maji kwa nguvu. Mmea unaponyauka kwenye udongo huu, karibu robo ya ujazo wa udongo huweza kuwa bado ni maji, ila mizizi haina uwezo wa kuyavuta. Kwa hiyo mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya mfinyanzi mkavu hulowesha sentimita chache tu za juu, na jua huyachukua maji hayo kabla mizizi haijafaidi. Mvua hiyohiyo kwenye kichanga hushuka chini zaidi, mahali ambapo jua haliifikii kirahisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1988 kuhusu nyanda za kati za Marekani ulionyesha kwamba mahali panapopata chini ya milimita 370 za mvua kwa mwaka, udongo wenye mchanga mwingi ulitoa malisho mengi kuliko udongo unaoshika maji sana. Juu ya kiwango hicho, mambo yaligeuka. Namba hiyo si sheria ya dunia nzima, lakini mwelekeo wake unafahamika katika nyanda nyingi kame. Udongo mzito hulipa katika miaka ya neema, na katika miaka mibaya huwa wa kwanza kuangusha wafugaji.

Rangi nayo hupotosha. Weusi wa udongo huu si ushahidi wa mboji nyingi. Aina nyingi za mfinyanzi mweusi wa maeneo makavu zina mboji kidogo kuliko zinavyoonekana. Rutuba yake inatoka kwingine, kwenye madini ya mfinyanzi wenyewe, hasa kundi liitwalo smektaiti, ambalo hushika kalsiamu, magnesi na potasi kwa wingi. Nyasi zinazoota hapo kwa kawaida huwa na lishe nzuri. Hilo ndilo linaloifanya ardhi hii istahili kutunzwa pamoja na ukaidi wake wote.

Smektaiti hizohizo huvimba zikilowa na kusinyaa zikikauka. Kiangazi udongo hupasuka nyufa ambazo mara nyingi hupita nusu mita kwenda chini. Ukichimba shimo utaona kutani nyuso zilizolala mshazari, laini na zenye kung'aa, mahali ambapo mapande ya udongo yamesuguana kwa misimu mingi. Mwendo huo hukata mizizi, na ni sababu mojawapo ya nyasi kutamba kwenye udongo wa aina hii huku miti mingi ikishindwa. Pia ndio unaolaza nguzo za uzio na kupasua sakafu za majengo, jambo ambalo wajenzi hulijua kuliko sisi tunaoshughulika na malisho.

Nyufa si adui, ingawa watu wengi huziona hivyo. Mwanzoni mwa msimu ndizo mlango halisi wa ghala: mvua za kwanza hutiririka ndani yake na kulowesha tabaka la chini moja kwa moja, na mbegu na majani makavu huangukia humo humo. Baada ya siku kadhaa za mvua udongo huvimba, nyufa hufunga, na kutoka hapo kila kitu kinategemea hali ya sentimita chache za juu. Hapo ndipo ardhi mbili zenye kina kilekile na kiasi kilekile cha mfinyanzi huachana. Kuna mfinyanzi ambao ukikauka hujivunja wenyewe juu na kuwa chembechembe ndogo zilizolegea. Huo hupokea maji na kuotesha mbegu. Na kuna ule ambao matone ya mvua huusaga na jua kuugeuza gamba gumu. Mbegu ikiota chini ya gamba hilo, chipukizi hushindwa kutokeza.

Mara nyingi kinachotofautisha hali hizo mbili ni sodiamu, madini yaliyomo kwenye magadi na chumvi. Katika maeneo makavu mvua haitoshi kuosha chumvi, hivyo chokaa na chumvi nyingine hukusanyika kwenye tabaka za kati au za chini, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, huwa juu ya 7.5. Chokaa kwa kiasi haina madhara makubwa, ingawa hufanya fosfori na zinki zipatikane kwa shida. Sodiamu ndiyo tatizo. Ikizidi, chembe za mfinyanzi huacha kushikamana zikilowa, huelea, na kuziba vitundu vyote ambavyo maji na hewa hupita. Kizingiti kinachotumika katika nchi nyingi ni sodiamu kushika zaidi ya asilimia 15 ya nafasi ambazo chembe za udongo hushikia madini. Australia hutumia asilimia 6, na kwa udongo mzito naona tahadhari hiyo ina mantiki.

Kipimo cha maabara ni bora, lakini kuna mambo ambayo mtu yeyote anaweza kuyaona kwa mikono yake. Lowesha udongo kiganjani, ukande, kisha usukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Ukizidi sentimita 5 bila kukatika, huo ni mfinyanzi. Dondoshea siki kwenye bonge lililotoka chini: likitoa povu, kuna chokaa. Kisha chukua kidonge kikavu cha udongo, kiweke taratibu kwenye glasi ya maji safi ya mvua, na usitikise. Baada ya saa mbili, na tena kesho yake, tazama maji, si kidonge. Kidonge kumomonyoka na maji kubaki maangavu kunaonyesha udongo dhaifu ambao mboji na mizizi vinaweza kuusaidia. Maji kuchafuka na kuwa kama maziwa kuzunguka kidonge ni dalili ya sodiamu. Fanya hivyo kwa udongo wa juu na wa kina cha nusu mita, kwa sababu mara nyingi juu pako salama na balaa liko chini.

Kwenye malisho, ulinzi wa tabaka la juu ni mashina ya nyasi za kudumu pamoja na majani makavu yaliyolala chini. Hupunguza kishindo cha matone na mwendo wa maji, na mizizi yake hufungua njia. Nyasi hizo zikiisha, gamba hujitokeza, maji hukimbia, mbegu hukosa pa kushika, na nyasi za msimu mmoja huchukua nafasi kwa wiki chache tu. Kutoka hapo kurudi nyuma ni kazi ya miaka, hata mifugo ikiondolewa kabisa.

Kwa hiyo ningezingatia zaidi wakati wa kulisha kuliko idadi ya mifugo, ingawa idadi nayo ina kikomo. Mfinyanzi mkavu ni mgumu na huvumilia kwato vizuri. Uliolowa hauvumilii: kwato huzama, vitundu hubanwa, na nyasi hung'olewa. Kama kisigino cha mtu kinazama, mifugo ipelekwe kichangani, ambako ardhi hukauka upesi na majani huwahi kuchipua. Tuta lisubiri.

Ardhi iliyokwisha kuharibika huwashawishi watu walete trekta. Kulima mfinyanzi ukiwa mbichi huulainisha na kuuziba zaidi, na mifereji iliyopasuliwa kwenye udongo unaovimba hujifunga baada ya misimu michache. Penye sodiamu chini, jembe la kina huleta juu udongo mbaya kuliko uliokuwepo. Jasi husaidia kwa kuweka kalsiamu mahali pa sodiamu, lakini sodiamu iliyoondolewa inahitaji maji ya kuiosha, na maji ndiyo kitu kinachokosekana. Kwenye eneo kubwa la malisho gharama nayo hailipi. Vibwawa vidogo vyenye umbo la nusu mwezi na matawi yenye miiba yaliyolazwa juu ya gamba hufanya kazi kwa bei nafuu. Tahadhari ni moja: kwenye mfinyanzi maji hukaa kibwawani siku nyingi, kwa hiyo mbegu zipandwe ubavuni, si chini kabisa.

Mahali pa kukagua kwanza kabla ya msimu ni ukingo wa tuta, pale linapoangukia mtoni. Penye sodiamu, maji huingia kwenye nyufa, huyeyusha tabaka la chini na kuchimba mahandaki yasiyoonekana, mpaka siku paa linapoporomoka na korongo kuanza kupanda kuelekea malishoni. Matundu madogo juu ya ardhi na maji ya tope yanayotoka katikati ya ukuta wa kingo ndiyo dalili za mapema. Yakionekana, njia za mifugo kwenda kunywa zihamishwe kutoka hapo, na maji yanayotoka juu yaelekezwe kwingine yasikusanyike kwenye ukingo.